Ufito Usiokumbuka

Tukitaka kusifu mafundi wetu hukimbilia Lamu, kwa wachonga milango na waunda majahazi. Mimi nawasifu kina mama wa Kisomali wanaojenga aqal, nyumba ya fito na mikeka ambayo bado utaikuta Galbet, pembezoni mwa mji wa Garissa, imebanwa na kuta za mabati, na mara nyingi siku hizi imevikwa turubai mahali pa mikeka. Mchoro hakuna. Kuisuka, kuisimamisha, kuibomoa na kuipakia juu ya ngamia ni kazi ya wanawake, na ayeyo, yaani nyanya, ndiye mhandisi mkuu.

Kazi yenyewe hasa ni kupinda. Ufito hukatwa ungali na maji, ukapindwa pole pole, ukafungwa ukae hivyo hadi ukauke. Samaki mkunje angali mbichi, twaambiwa. Sijaona anayekunja samaki, lakini fito nimeziona. Kabla ya hapo huchaguliwa kwa kuyumbishwa mkononi, na mkono huo una habari ambazo jicho halina. Ugumu wa ufito wa mviringo hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Basi ufito wa milimita 24 ni mgumu kupinda takriban mara mbili kuliko wa milimita 20, na tofauti hiyo ya milimita nne ukiitazama tu waweza kuipuuza. Ndiyo maana shina likichimbiwa chini na ncha ikaelekea juu, sehemu nene husimama karibu wima, kisha ufito hujiviringa wenyewe unapokaribia paa. Nyumba hupata ukuta na kuba kwa kijiti kimoja.

Wataalamu wa Ulaya walihangaishwa na kijiti hichohicho. Ufito mwembamba ukisukumwa kutoka ncha zote mbili, hufuata mstari gani? Jakob Bernoulli wa Basel alichapisha jibu lake mwaka 1694. Daniel, mtoto wa nduguye, baadaye akamdokezea Leonhard Euler kwamba miongoni mwa maumbo yote yanayowezekana, ufito huchagua lile linalogharimu nishati ndogo kabisa ya kupinda. Euler akaishika rai hiyo, na mwaka 1744 akayapanga maumbo yote katika makundi tisa. Njiani, hesabu hizo ziliwasukuma wanahisabati kwenye integrali ambazo mbinu zao za zamani hazikuweza kuzifungua, na kutoka hapo likachipuka tawi zima la hisabati. Wengi hudhani hisabati ni bibi na fizikia ni mjakazi wake. Kwa habari ya ufito, aliyeuliza ni mti. Hisabati ilitumwa kutafuta jibu.

Na jibu halikutosha. Ufito wa Euler ukiuachia hunyooka, kwa kuwa hesabu yake hudhani mti unaukumbuka unyoofu wake milele. Wa Galbet haunyooki. Mti mbichi uliolemewa kwa siku nyingi hulegea ndani kwa ndani, na ukikauka hubaki na upinde wake. Aqal nzima imesimama juu ya usahaulifu huo. Bila huo, kila siku ya kuhama fito zingechomoka kwa kishindo, wala zisingekaa mbavuni mwa ngamia zikiwa kiunzi cha mzigo. Mwanafizikia Wilhelm Weber aliliona jambo la namna hii mwaka 1835 katika nyuzi za hariri, zilizozidi kurefuka kidogo kidogo chini ya uzito uleule. Ikabidi hesabu mpya itungwe, hesabu inayojali siku zilizopita na si mzigo wa leo tu.

Shuleni hufundishwa kanuni ya Hooke ya mwaka 1678 kwa springi: ongeza uzito, pima urefu, chora mstari ulionyooka. Springi ni mtii mno. Laiti darasa moja la Garissa lingepewa fito mbichi, kamba na rula, likazipinda Jumatatu, likazifungua baada ya wiki mbili na kupima upinde uliobaki. Fito hizo hazitanyooka, na mwanafunzi atakayeuliza kwa nini atakuwa amefika mahali ambapo Euler aliishia. Ayeyo aalikwe siku ya kuchagua fito, na alipwe kama mwalimu mwingine yeyote.