Maji Yawekwe Wapi?

Swali la namna hii mwalimu wa fasihi huliandika ubaoni kisha akaweka chaki chini: maji yawekwe wapi? Darasa linalosoma *Kinjeketile*, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji, litahangaika nalo vipindi viwili au zaidi, na mwalimu aliyeiva katika kazi yake hatalisaidia hata kwa kukohoa.

Kazi yenyewe ni kujenga jukwaa dogo. Boksi la sabuni linakatwa upande mmoja, mchanga unamwagwa ndani, vijiti vya kiberiti vinasimama kama miti na visoda vinakuwa watu. Kila kundi linapewa onyesho lile ambalo Kinjeketile anavutwa na nguvu isiyoonekana mpaka majini, na watu wanabaki ukingoni hawajui kama wamefiwa. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mto ukiwekwa mbele, mtazamaji anashuhudia yote, hivyo anajua mengi kuliko wanakijiji. Ukiwekwa nyuma ya pazia, anasubiri pamoja nao, na hana namna ya kujua kama mtu amezama au amechukuliwa na pepo Hongo. Wanafunzi hudhani wanabishania mahali pa kubandika karatasi ya buluu. Kumbe wanabishania kama tamthilia yenyewe inauamini muujiza ule wa mtu anayerudi na maji ya kuwakinga watu na risasi, au inautilia shaka, jambo ambalo wahakiki wamelijadili tangu kitabu kilipochapishwa mwaka 1969.

Ninachokistahi katika ufundi huu ni udogo wa swali. Kumwambia mwanafunzi aeleze nafasi ya imani katika ukombozi ni kumtuma akanakili majibu ya mwongozo wa mitihani. Kumwambia aamue mto upite wapi ndani ya boksi ni kumlazimisha asome maelekezo ya jukwaani neno kwa neno, yale ambayo wengi huyaruka wakikimbilia mazungumzo. Nimeona mabango mengi ya manila yaliyochorwa kwa marka peni za rangi tatu, Kinjeketile ameshika kibuyu, na chini yake dhamira zimepangwa kama bidhaa za dukani. Yanapendeza ukutani. Lakini bango linaloweza kukamilika kitabu kikiwa kimefungwa ni pambo tu, na ukaguzi wa shule usitudanganye.

Kiti cha maswali nacho kina siri yake. Mwanafunzi anakaa mbele ya darasa akiwa mhusika, wenzake wanamhoji. Mwalimu mchanga humkalisha Kinjeketile, na darasa linapata hotuba. Aliyebobea humkalisha Bibi Kitunda. Mchezo unafunguliwa na wanawake, yeye na Bibi Bobali, wakizungumza habari za nyumba ambazo wanaume wake wamesombwa kwenye shamba la pamba la Wajerumani. Akiulizwa leo watoto watakula nini, hawezi kujibu kwa kauli za kishujaa. Sharti ni moja tu: kila jibu lije na ukurasa wake. Asiyeuona ukurasa aseme kwamba mhusika huyu hajatuambia. Kujifunza kusema hivyo, kwa mtoto aliyezoea kujaza nafasi zilizo wazi, si kazi ya siku moja.

Lakini mradi ninaouhusudu kuliko yote ni wa kamba mbili. Zinafungwa ukutani, moja juu ya nyingine, pamoja na vibanio vya nguo. Kamba ya juu ni ya historia. Julai 1905, pamba inang'olewa Nandete, katika vilima vya Umatumbi. Agosti 4, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ananyongwa Mohoro. Mwishoni mwa mwezi huohuo wapiganaji wanalishambulia boma la Mahenge na kufyekwa kwa bunduki za rasharasha. Februari 1906, viongozi wa Wangoni wananyongwa Songea. Vita vinazimika 1907, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala hadi njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Kamba ya chini ni ya tamthilia, onyesho kwa onyesho. Wanafunzi wakianza kubana karatasi zao, baada ya muda mmoja wao atasita. Kwenye kamba ya juu mtu yule amekufa kabla vita havijapamba moto. Kwenye kamba ya chini yu hai baada ya watu kuteketea, amefungwa pamoja na Kitunda, mume wa Bibi Kitunda, anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa.

Mwandishi hakukosea. Katika utangulizi amesema wazi kwamba mtu wake si yule wa historia, na tofauti ya herufi katika jina inakumbusha jambo hilo. Mwalimu mwenye haraka angeusoma utangulizi huo siku ya kwanza na kuua mchezo mzima. Aliyebobea anauficha mpaka siku ya kamba, watoto waione kasoro wenyewe, waikasirikie, ndipo waukute ukurasa ule. Wanapouliza kwa nini Hussein amemwongezea maisha, majibu huwa mazuri kuliko ya vitabu vya rejea: wapo wanaosema aliyenyongwa mapema hana wa kumdai, na mwandishi alitaka mtu anayedaiwa.

Likitokea kundi linaloshikilia kwamba historia iheshimiwe, linaruhusiwa. Limnyonge Kinjeketile mapema, kisha liandike upya onyesho la mwisho, Kitunda akiwa peke yake mbele ya watesi wake. Kundi hilo ndilo hurudi kitabuni mara nyingi kuliko mengine, maana lazima limtafute mtu mwingine katika kijiji kile anayeweza kukataa, na Kitunda, kama maneno yake yanavyoonyesha, angekubali.