Jina na Sura: Nafasi ya Mwongozaji wa Picha za Nyimbo

Uhakiki wa nyimbo katika Kenya umezoea kushughulikia mambo mawili: maneno na sauti. Mhakiki huuliza mtunzi amesema nini, na amelisema kwa lahani gani. Hata hivyo, tangu kamera za bei nafuu zilipoanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 2000, wimbo haupokewi kwa sikio peke yake. Mtu wa tatu ameingia kati ya mtunzi na hadhira, naye ni mwongozaji wa picha. Makala haya yanachunguza kazi mbili za mwongozaji Mkenya, Enos Olik, kwa kuzipima na mapokeo ya nyimbo za Nyanza Kusini, hususan Ndhiwa. Hoja kuu ni kwamba mwongozaji ni fanani kamili. Kwa hiyo anastahili kusifiwa na kukosolewa kama mafanani wengine.

Ndhiwa imechaguliwa kwa sababu maalumu. Sehemu hii ya Homa Bay, inayopakana na Migori, imo katika kitovu cha muziki wa benga. Ng'ambo kidogo ya mpaka, katika Tanzania, ndiko Shirati alikozaliwa D. O. Misiani, aliyeiongoza Shirati Jazz na kufariki mwaka 2006. Katika benga gita hufuata nyayo za nyatiti, na mwimbaji hufuata nyayo za mpiga nyatiti: hujenga picha kwa kutaja majina. Hutaja mtu, baba yake, mama yake, ukoo wake na mahali anakotoka. Msikilizaji wa Ndhiwa akisikia Kanyamwa ikitajwa, hahitaji kuonyeshwa kitu. Huko ndiko alikoishi Gor Mahia, mganga mashuhuri ambaye klabu ya kandanda ya mwaka 1968 ilipewa jina lake. Neno moja huamsha historia nzima.

Mapokeo haya yana desturi iitwayo pakruok. Mtu aliye katika hadhira huukatiza wimbo, hutoa fedha, kisha hujisifu au humsifu rafiki yake kwa majina ya kujigamba. Kwa njia hiyo hadhira huingia ndani ya wimbo na kuwa sehemu yake. Wimbo wa namna hii haumilikiwi na mwimbaji peke yake. Ni daftari la jamii.

Je, mwongozaji afanye nini na wimbo? Jina likitajwa, kila msikilizaji huona sura yake mwenyewe. Kamera ikionyesha sura moja, nyingine zote hufungwa. Hilo ndilo tatizo la msingi la fani hii, na hakuna mwongozaji anayeweza kulikwepa. Anaweza tu kulitatua vizuri au vibaya.

Mwaka 2014 Olik aliongoza picha za nyimbo mbili za kundi la Sauti Sol, "Nishike" na "Sura Yako". Kazi hizi mbili zafaa kulinganishwa. "Nishike" ilizua mabishano makali juu ya maadili, kwa sababu ya namna ilivyoonyesha miili ya wapendanao. Wengi waliishia hapo. Lakini udhaifu wake si wa kimaadili kwanza, bali ni wa kifani. Neno lasema mpenzi ashike, na picha yaonyesha mpenzi akishika. Picha imekuwa mwangwi wa neno. Haikuongeza maana yoyote ambayo msikilizaji hakuwa nayo tayari.

"Sura Yako" ni kinyume chake. Maneno yake ni ya mtu mmoja kwa mpenzi mmoja; hata anwani yake yamkabili mtu mmoja tu. Mwongozaji ameyatia maneno hayo katika sherehe ya ndoa, mbele ya jamaa na wageni. Hivyo penzi la watu wawili limegeuka kuwa jambo la ukoo. Maana hii haimo katika maneno; imeletwa na mwongozaji. Tena mchezo wa lipala ulioonyeshwa humo uliigwa na watazamaji wengi, nao wakajipiga picha wakiucheza. Hapa yafaa kukumbuka pakruok: hadhira imepewa mlango wa kuingia katika wimbo. Bila ya kutaja jina la mtu yeyote, picha imetenda kazi ambayo jina lilitenda katika benga.

Huenda ikadaiwa kuwa lililo muhimu ni picha kuvuka mipaka. Dai hili lina uzito. Mwaka huohuo wa 2014 Sauti Sol walipata tuzo ya MTV ya Ulaya kwa wasanii wa Afrika, na mwaka 2017 picha ya wimbo wao "Melanin" iliongozwa na Clarence Peters wa Nigeria. Soko limekuwa la bara zima. Lakini picha inayotengenezwa imfae mtazamaji wa kila mahali ina hatari ya kutokuwa na mahali. Gari la fahari, nyumba ya kukodi na bahari vyaweza kuwa vya Lagos, Cape Town au Mombasa. Mwimbaji wa Kijaluo anayemtaja mtu wa Kabuoch au Kanyadoto, kisha akaonekana katika jumba lisilo na mwenyewe, amenyang'anywa nusu ya wimbo wake.

Kwa hiyo kipimo cha mwongozaji kisiwe ubora wa kamera wala idadi ya watazamaji. Kipimo kiwe swali moja: picha imeongeza nini ambacho neno halikusema, na imehifadhi nini ambacho neno lilikuwa limebeba? Kwa kipimo hiki "Sura Yako" imefaulu, na "Nishike" imepungukiwa.

Wahakiki nao wana deni. Katika mapokeo ambayo kutajwa ndiko kuheshimiwa, mwongozaji hutajwa kwa nadra wimbo wake unapojadiliwa. Nyimbo za Ndhiwa zimewahifadhi wengi kwa kuwataja majina. Uhakiki hauna budi kumtendea hivyohivyo mtu anayezipa nyimbo sura.