Kazi Ibaki Kwenye Kompyuta ya Mbali
Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikazorota Tanzania. Data ya Dar es Salaam kwenda Kighare, juu milimani Upare, hailazimiki kupita baharini, ila zana nyingi za kuendeshea kompyuta za mbali hupitia seva za ng'ambo. Basi amri iliyokuwa katikati ya kazi huishia wapi mawasiliano yanapokatika? Hutegemea ilivyotumwa. Kwa SSH, njia ya kuendesha kompyuta ya mbali iliyobuniwa na Tatu Ylönen huko Finland mwaka 1995, kikao kikivunjika programu iliyomo kwa kawaida hufa nacho, isipokuwa imekingwa mapema kwa zana kama nohup au tmux. PowerShell 3.0 ya mwaka 2012 ilishika njia nyingine: Invoke-Command ikiongezewa InDisconnectedSession, kikao huendelea chenyewe kwenye kompyuta ya mbali, na mtumaji huchukua majibu baadaye kwa Receive-PSSession, hata akiwa kwenye kompyuta nyingine.

Ni ubunifu mzuri, lakini kwa kompyuta ya milimani hautoshi. Kikao kilichoachwa huhesabiwa kimelala tangu kilipoachwa, hata kama amri bado inafanya kazi, na kwa mpangilio wa kawaida hufungwa baada ya saa 2. Majibu hungoja kwenye kumbukumbu ya muda. Ikijaa, amri husimama mpaka mtu arudi. Umeme ukikatika, vyote vimepotea. Muda unaweza kurefushwa, ni kweli, na amri inaweza kuruhusiwa iendelee kwa kutupa majibu ya zamani, lakini hayo ya zamani ndiyo yanayoonyesha kosa lilianzia wapi. Kwa hiyo skripti itumwe nzima, iandike kila hatua kwenye diski ya kompyuta ile ile, na ikianzishwa upya iruke yaliyokwisha kufanyika.

Pingamizi zito ni kwamba skripti isiyo na msimamizi hueneza kosa, hasa kwa kuwa Invoke-Command hufikia kompyuta 32 kwa mpigo bila hata kuombwa. Hatari hiyo ipo, na dawa yake huja kabla ya kutuma: kujaribu kwa WhatIf, inayoonyesha amri ingefanya nini bila kuitekeleza, pale amri inapoikubali, kisha kwenye kompyuta moja tu. Tena msimamizi aliyekatikiwa na mtandao hawezi kusimamisha chochote, na hifadhidata iliyohamishwa nusu ni mbaya kuliko ambayo haijaguswa.