Pongezi kwa Bharathi Prasad na Wenzake wa Redio

Desemba 2004 Bharathi Prasad alikuwa Port Blair, visiwani Andaman, akizungumza na waendesha redio wa ridhaa duniani kwa jina la hewani VU4RBI. Tarehe 26 ardhi ikatetemeka, ikafuata tsunami, ile ile iliyofika hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki, na simu zikakatika. Redio yake ikageuka njia ya kupeleka habari za walio hai kwa jamaa zao India bara.

Mawimbi mafupi ya redio hupanda, yakagonga tabaka la juu angani liitwalo ionosfia, yakarudi ardhini mbali sana bila mnara wala kebo. Betri ya gari na waya uliotundikwa mtini vyaweza kutosha. Ila mimi nayasifu zaidi masikio ya waendesha redio hawa: kunasa jina la mtu katikati ya makelele na kulirudia herufi kwa herufi ni ustadi wa miaka, nao hawalipwi hata senti.