Stephen Hopkins wa Mayflower: baba aliyepatikana kupitia wanawe

Wazao wa Stephen Hopkins, aliyefika Plymouth, Amerika, kwa meli ya Mayflower mwaka 1620, waliamini kwa miaka mingi kwamba alitoka Wotton-under-Edge, Gloucestershire. Kisa? Huko nako palikuwa na akina Hopkins. Hoja dhaifu mno, lakini ilinakiliwa kitabu hadi kitabu mpaka ikaonekana ukweli.

Mtafiti Caleb Johnson, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1998, alimwacha baba akawaandama watoto. Gavana wa Plymouth, William Bradford, aliorodhesha abiria wa Mayflower, akataja kwamba Giles na Constanta (yaani Constance) walizaliwa na mke wa kwanza wa Hopkins. Akina Stephen Hopkins wangeweza kuwa wengi. Stephen Hopkins mwenye Giles na Constance, tena wa umri unaolingana, si rahisi awe wa pili.

Johnson aliwakuta Hursley, karibu na Winchester, Hampshire. Daftari la ubatizo la kanisa lina Elizabeth, Machi 1604. Constance, Mei 1606. Na Giles, Januari 1608. Hapa wengi huteleza: mwaka wa Kiingereza ulianza Machi 25, kwa hiyo karani alimwandika Giles chini ya 1607.

Baada ya Giles, hakuna mtoto mwingine. Pengo hilo lina uzito wake, kwa sababu mwaka 1609 Stephen Hopkins alisafiri na Sea Venture kuelekea Virginia. Meli ikavunjikia Bermuda, naye akahukumiwa kifo kwa uchochezi, akasamehewa baada ya kuombewa.

Mama yao, Mary, alizikwa Hursley Mei 1613. Karatasi za mirathi yake zinawataja watoto walewale, ila zinamwita mjane, na mumewe yu hai! Mpinzani angeanzia hapo. Mimi naona mume aliyepotelea ng'ambo miaka minne angeweza kabisa kuhesabiwa marehemu kijijini, na neno moja la karani haliyazidi majina ya watoto. Tena Februari 1618 Stephen Hopkins alimwoa Elizabeth Fisher huko Whitechapel, London. Elizabeth ndilo jina la mke aliyepanda naye Mayflower, akamzaa Oceanus baharini.

Utafutaji ulipohamia Hampshire, hatua iliyofuata ikawezekana: ubatizo wa Stephen mwenyewe, mwana wa John Hopkins, ulipatikana Upper Clatford, mwaka 1581.