Stensili Iliyopata Wavu

Mbele ya picha ya pop iliyochapwa, yenye rangi kali, mistari minene myeusi na namba ndogo ya penseli inayosomeka 47/150, mtazamaji huuliza kwanza kama hiyo ni picha yenyewe au ni nakala tu. Ana haki ya kuuliza, hasa kama anataka kutoa pesa yake. Ila swali hilo limebeba hukumu iliyokwisha kupitishwa, kwamba picha yenyewe iko kwingine, ukutani London au New York, na hiki kinachouzwa ni kivuli chake. Nadhani hukumu hiyo haisimami. Ukiifuata kazi inavyofanyika, kuanzia kisu kinachokata stensili mpaka raba inayosukuma wino, utaona kwamba sehemu kubwa ya sanaa ya mtaani ilikuwa ufundi wa kuchapa tangu mwanzo, na chapa yenye idadi maalumu, ikitoka kwa fundi anayeijua kazi, ni mrithi halali wa ukuta. Pengine ni mrithi bora kuliko kile kipande cha ukuta kinachokatwa kwa msumeno na kupelekwa mnadani.

Tuanze na kisu. Mchoraji wa mtaani ana maadui wawili, muda na polisi, na stensili humsaidia dhidi ya wote wawili: kazi ngumu hufanyika nyumbani, juu ya karatasi ngumu, kisha ukutani hubaki dakika chache za kupuliza rangi. Hivyo ndivyo Blek le Rat alivyofanya kuanzia mwaka 1981, alipowatapakaza panya weusi kwenye kuta za Paris, na Banksy akafuata njia hiyohiyo Bristol na London. Sasa, karatasi iliyokatwa kwa ajili ya panya mmoja hutoa panya mia. Yule wa kwanza hana ubora wowote kumzidi wa arobaini. Ukitaka kumtafuta panya wa asili, utatafuta mpaka uchoke. Stensili ina udhaifu mmoja tu, unaofahamika kwa kila aliyewahi kukata herufi O: ukiikata duara zima, tumbo la herufi linadondoka. Lazima uache vijidaraja vya karatasi vya kulishikilia, navyo vinaonekana ukutani hata usipopenda. Wajapani waliokuwa wakitia nakshi vitambaa vya kimono walilijua tatizo hilo zamani, wakashikiza vipande vilivyolegea kwa nyuzi nyembamba za hariri ambazo rangi huzipita bila kuacha alama. Ongeza nyuzi hizo mpaka ziwe wavu mzima, wamba wavu kwenye fremu, na umeshapata skrini. Samuel Simon wa Manchester, Uingereza, alipewa hataza ya kuchapa kwa njia hiyo mwaka 1907. Kwa hiyo anayesema kwamba mchoro ukitoka ukutani kwenda kwenye skrini umeisaliti asili yake, hajazitazama zana zenyewe. Hizi ni zana za ukoo mmoja.

Leo wavu si wa hariri tena, ni wa poliesta, lakini kazi haijapungua. Fundi huupaka dawa ya majimaji inayokaza ikipigwa na mwanga, huuacha ukauke mahali pasipo mwanga mkali, kisha huweka juu yake filamu yenye mchoro mweusi na kuumulika. Penye weusi mwanga haupiti, dawa inabaki laini, na maji huiosha ikaacha matundu wazi. Kwingine kote wavu umezibwa. Mwanga ukizidi, mistari myembamba inaziba. Ukipungua, kingo zinaoshwa pamoja na kile kilichotakiwa kuoshwa. Na hiyo ni skrini moja, wakati kila rangi inadai ya kwake. Picha ya rangi nane ni fremu nane, na kanvasi ileile ipite chini ya raba mara nane, kila mara ikae palepale ilipokaa mwanzo, kwa sababu ikihama hata kidogo, wekundu wa mdomo unamwagikia shavuni. Raba hushikwa kwa mlalo mmoja na kuvutwa kwa nguvu moja toka mwanzo wa fremu mpaka mwisho; mkono ukilegea katikati, wino unalala mzito huku na mwepesi kule. Kanvasi ni kaidi kuliko karatasi. Ina milima na mabonde ya nyuzi, inakunywa wino bila mpangilio isipopakwa msingi vizuri, na ikiwambwa vibaya inavuta mstari ulionyooka ukapinda. Wakati wote huo wino unakauka ndani ya matundu, hivyo hakuna nafasi ya kusimama na kutafakari. Fundi wa Kariakoo au wa River Road anayechapa fulana za kampeni anaujua usumbufu huu wote, na sioni kwa nini uitwe sanaa ukifanyika London na kibarua ukifanyika Dar es Salaam au Nairobi.

Ushahidi mkubwa kwamba kurudia si kufanana ni ule wa Andy Warhol. Aliianza skrini mwaka 1962, na muda mfupi baada ya Marilyn Monroe kufariki Agosti mwaka huohuo, alichukua picha iliyotumika kuitangaza filamu ya Niagara ya 1953 akaichapa mara 50 juu ya kanvasi mbili zilizowekwa pamoja. Upande wa kushoto nyuso 25 zina nywele za manjano, kope za buluu na midomo myekundu, rangi zilizolazwa kwanza, halafu skrini nyeusi ikapita juu yake. Upande wa kulia kuna nyeusi peke yake. Mahali fulani wino umejaa mpaka sura imezama. Ukiendelea kulia, unapungua safu kwa safu hadi Marilyn anakaribia kutoweka. Nyuso zote ni za mchoro mmoja, na hakuna mbili zilizo sawa. Mtu atasema huo ni uchapaji mbovu uliopewa jina zuri, kwamba skrini iliyoziba ni skrini iliyoziba. Angekuwa na hoja kama madoa yangekuwa yametawanyika ovyo. Lakini kufifia kule kumewekwa pale panapostahili, kandokando ya kanvasi, kwenye picha ya mwanamke aliyefariki karibuni. Mchapaji wa toleo la nakala 150 anatafuta kinyume chake, kwamba ya kwanza na ya mwisho zilingane, na anahitaji ujuzi uleule: kujua wino unafanya nini ukiwa mwingi, na unafanya nini ukikaribia kuisha.

Pingamizi lililo zito zaidi lilitolewa na mwanafalsafa Walter Benjamin katika miaka ya 1930, aliposema kwamba kazi ya sanaa inaponakiliwa kwa mitambo hupoteza ile hadhi ya kuwapo mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Kwa sanaa ya mtaani pingamizi hilo linauma, maana mahali ni nusu ya maana. Msichana wa Banksy anayeachia puto jekundu, aliyejitokeza London mwaka 2002, alikuwa na upepo wa mto Thames, ngazi za daraja la Waterloo na watu wanaopita wakiwahi treni. Chapa haina hayo, na sitajifanya inayo. Lakini tuangalie kilichotokea: mchoro ule wa ngazini haupo tena, wakati chapa ya 2004, iliyotolewa nakala 600 zisizo na saini na 150 zenye saini, bado inatazamwa. Ni rangi mbili tu, nyeusi ya msichana na nyekundu ya puto, na mchoro uliobuniwa ili upulizwe haraka haukupungukiwa na kitu ulipoingia kwenye skrini. Tena Benjamin alikuwa akiwaza hasa juu ya picha za kamera na sinema. Chapa inayovutwa kwa mkono haimo kabisa katika fungu hilo.

Wengine wana lawama ya kawaida zaidi: kwamba ukutani picha ilikuwa ya kila mtu bure, na sasa ni bidhaa. Keith Haring aliisikia sana. Kuanzia 1980 alichora kwa chaki nyeupe juu ya karatasi nyeusi zilizofunika nafasi tupu za matangazo katika stesheni za treni za chini ya ardhi New York, akakamatwa zaidi ya mara moja. Watu wakaanza kuzibandua karatasi zile na kuziuza. Kwa maneno mengine, bidhaa ilikuwapo tayari, ila faida haikuwa ya mchoraji, na mtoto aliyeipenda picha hakuipata. Mwaka 1986 Haring alifungua Pop Shop katika mtaa wa Lafayette, akauza fulana, beji na mabango kwa bei ya mtu wa kawaida. Shepard Fairey naye, alipotengeneza bango la Obama mwaka 2008, sehemu ya mabango ya kwanza aliyauza na sehemu akayabandika mitaani, na fedha ya mauzo ikachapa mengine. Hapo duka ndilo lililokuwa likiulisha ukuta.

Linabaki suala la namba, na hapa nakubali kwamba wapinzani wana nusu ya haki. Katika uchapaji wa bamba la shaba lililochorwa kwa sindano, idadi ndogo ilikuwa na sababu ya kimitambo, kwani mikwaruzo husagika kila bamba linapopita kwenye mashine, na nakala za mwanzo ni bora kweli. Skrini haichakai upesi namna hiyo. Ukitaka nakala 1,000 badala ya 150, itakupa. Kwa hiyo 150 ni uamuzi, na uamuzi huo mara nyingi hufanywa na muuzaji mwenye jicho kwenye bei. Corita Kent, mtawa wa Los Angeles aliyechapa kwa skrini miaka hiyohiyo ya Warhol, alitaka kazi zake ziwe nyingi na za bei nafuu, na sioni kwamba zilipungukiwa na chochote. Hata hivyo namba ina kazi ya haki inapokuwa ahadi: skrini zitaoshwa, zilizoharibika zitachanwa, na hakutakuwa na 47/150 mbili. Inapogeuzwa kuwa ndiyo thamani yenyewe, mambo huwa ya kuchekesha. Oktoba 2013 Banksy aliweka meza ya kuuzia picha karibu na Central Park, kanvasi zenye saini yake kwa dola 60 moja, bila kutangaza. Siku nzima wanunuzi walikuwa wachache mno. Waliopita walikuwa na macho, hawakuwa na cheti.

Siku hizi picha nyingi za namna hii hazipiti kwenye skrini kabisa. Printa kubwa ya wino hunyunyiza picha nzima juu ya kanvasi kwa mkupuo. Si dhambi. Kuna ujuzi katika kulinganisha rangi za kompyuta na za kitambaa, na wapo wanaoufanya kwa uangalifu. Ila wino huo hulala bapa, haujengeki tabaka juu ya tabaka, na ukiinamisha kanvasi kwenye mwanga hutaona ukingo ambapo nyekundu imeipanda nyeusi. Muuzaji anayeiita kazi hiyo "toleo maalumu" bila kusema imechapwaje anamficha mnunuzi jambo la msingi. Karakana nzuri za chapa zina desturi ya kugonga muhuri mkavu kwenye ukingo wa karatasi, alama isiyo na wino, kuonyesha nani alichapa. Desturi hiyo ingefaa nyuma ya kila kanvasi, pamoja na idadi ya skrini na aina ya wino. Warhol mwenyewe hakuvuta raba peke yake; kuanzia 1963 alikuwa na Gerard Malanga, aliyekuja na ujuzi alioupata katika kuchapa vitambaa vya tai. Mchapaji asipotajwa, mnunuzi na aombe apunguziwe bei.