Zin ya Kiluwi: Tunafasiri Neno au Tunafasiri Jirani Yake?

Katika somo la tafsiri sisi walimu tumezoea kumwuliza mwanafunzi: "Neno hili lina maana gani?" Ni nadra kumwuliza: "Umejuaje?" Makala hii inahakiki namna kielezi kimoja adimu cha lugha iliyokufa, yaani zin ya Kiluwi, kinavyofasiriwa, kwa kuwa swali hilo la pili ndilo linalokiamua.

Kiluwi kilitumika Anatolia, katika Uturuki ya leo, na ni ndugu wa Kihiti. Maandishi yake ni ya aina mbili: ya kikabari na ya hieroglifi. Andiko linalotuhusu lipo Karatepe, kusini mwa Uturuki, nalo ni la karne ya 8 kabla ya Kristo. Mwenye andiko ni Azatiwada, mtu mkubwa wa nchi ya Adanawa, anayesimulia mema aliyoitendea nchi hiyo. Helmuth Bossert na Halet Çambel walifika hapo mwaka 1946, na thamani ya andiko ikaonekana mara moja: habari ile ile imeandikwa kwa Kiluwi na kwa Kifoinike, na Kifoinike kilikuwa kikisomeka tayari.

Mahali pamoja Azatiwada anasema kwamba alipanua bonde la Adanawa. Kwa Kifoinike ni "kutoka mawio ya jua hata machweo yake." Kwa Kiluwi tunakuta zin, kisha neno la magharibi na neno la "kuelekea", halafu zin tena, safari hii ikiwa na kiambishi -pa kinachounganisha na kulinganisha, kisha neno la mashariki na "kuelekea" tena.

Njia ya mkato ni kuweka matini mbili sambamba na kusema: zin ya kwanza ni "kutoka", ya pili ni "hata". Hoja hiyo haisimami, kwa sababu tatu.

Mosi, neno ni lile lile mara zote mbili. Lugha haitarajiwi kutumia neno moja kwa chanzo na kwa kikomo ndani ya sentensi moja. Pili, pande zote mbili zina "kuelekea". Hakuna upande unaotajwa kama mwanzo. Tatu, mpangilio umegeuka: Kifoinike kinaanza na mashariki, Kiluwi kinaanza na magharibi. Mwandishi wa Kifoinike anapima urefu wa nchi toka ncha hadi ncha. Yule wa Kiluwi anasimama katikati na kunyosha mkono huku na huku. Jambo ni moja, mtazamo ni tofauti.

Ushahidi wa umbo unaunga mkono maana hii. Zamani ishara ya kwanza ya neno hili ilisomwa i, na neno zima likawa ina. Katika miaka ya 1970 David Hawkins, Anna Morpurgo Davies na Günter Neumann walionyesha kwamba ishara hiyo ni zi, na jirani yake ni za. Hapo neno likapata ukoo wake: za- ni kionyeshi cha karibu, "huyu, hiki". Sauti z ya Kiluwi hulingana na k ya Kihiti katika maneno kadhaa; "moyo" ni zart- huku na kard- kule. Na Kihiti kina kēz… kēz, kutoka kionyeshi kā-, kwa maana ya "upande huu… na upande huu". Kwa hiyo zin… zin ni "upande huu… na upande huu".

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa. Nasi tuna huku, kionyeshi kinachofanya kazi ya kielezi, na tungeweza kusema: "Alilipanua bonde huku kuelekea machweo, na huku kuelekea mawio." Tuwe waangalifu, hata hivyo. Kufanana huku kunatusaidia kuelewa, hakuthibitishi lolote kuhusu Kiluwi. Fikiria mgeni ambaye angebakiwa na sentensi moja tu ya Kiswahili, "Alikula huku akisoma." Angeandika katika kamusi yake kwamba huku ni "wakati ule ule", wala asingekosea kuhusu sentensi hiyo. Angekosea kuhusu neno.

Hapo ndipo ugumu wa neno adimu ulipo. Matini sambamba hutuambia jambo linalosemwa, lakini haituambii kila neno linachangia nini. Asili ya neno hutupa ukoo wake, lakini ukoo si matumizi. Usomaji wa ishara ukikosewa, yote mawili huyumba. Zin inaaminika kwa sababu ushahidi wa aina tatu, yaani ishara, muundo wa sentensi na ukoo, unakutana mahali pamoja.

Tunaposahihisha tafsiri za wanafunzi wetu, basi, tusitoe alama zote kwa jibu lililolingana na kamusi. Tumpe mwanafunzi sentensi yenye neno asilolijua, na tumtake ataje ushahidi wake kabla ya kutaja maana.